Posho ya Mpishi

Mwanangu wa kwanza ni mpishi. Kazi hiyo hakuisomea. Alianza kwa kuosha masufuria kwenye kantini ya chuo kikuu, akawa anatazama mikono ya wapishi, mpaka siku mmoja wao alipougua akaambiwa ashike mwiko. Aliushika vizuri, hata sifa za mchuzi wake zikamfikia naibu mkuu wa chuo, yule anayesimamia fedha, naye akamchukua akampikie nyumbani kwake. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mpishi, hata watoto wake wakitaka kumtania.

Ni mtu wa maneno machache. Akikuta mzigo anabeba, akikuta ugomvi anapita. Yeye na mkewe na watoto wao walikuwa wanakaa vyumba vilivyopakana na changu, ukuta mmoja, na mimi ni mtu wa kusikiliza, sikatai. Mtoto wao mdogo akikohoa, wa kwanza kuamka ni mimi. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nasikia akimkabidhi mkewe pesa zilizokunjwa kwenye karatasi, na mkewe akiifungua polepole kama mtu anayefungua kidonda. Kinyozi wa pale nje alimuuliza siku moja naibu anamlipa ngapi. Mwanangu akamjibu kwamba mshahara ni kama nguo ya ndani: watu wanajua umeivaa, lakini hakuna anayeuliza ina matobo mangapi. Tulicheka. Mkwe wangu hakucheka sana.

Kisha mahakama ikaamua kwamba mishahara ya wakubwa wa vyuo vya umma itangazwe, kwa kuwa ni pesa ya wananchi. Wakubwa walikuwa wamepinga, wakidai kwamba mfuko wa mtu ni siri yake. Wakashindwa. Gazeti lilipotoka, kinyozi alilibandika ukutani, na wateja wakawa wanalisoma huku wamefungwa shuka shingoni. Mimi nilifurahi kama wengine. Nilisema waache nao wavuliwe nguo, sisi tuko uchi siku zote na hakuna aliyetuonea aibu.

Furaha yangu haikufika jioni. Chini ya cheo cha naibu yalikuwa yameandikwa marupurupu yake yote: nyumba, mafuta ya gari, walinzi, na posho ya mpishi, yaani pesa anayopewa na chuo ili amlipe anayempikia. Kiasi kilichoandikwa pale kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kile mwanangu anacholeta nyumbani. Aliyekiona kwanza ni kinyozi. Mwanangu alipopita akitoka kazini, akamwita.

"Shikamoo bosi. Kumbe siku zote tunakupa pole, na wewe unatusikitikia sisi."

Watu wakaangua kicheko. Mwanangu akasogea, akasoma, akajipangusa uso kwa kiganja, akaingia ndani.

Mkewe alikuwa ameshaambiwa. Nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu mkwe wangu mdomo wake hauna breki.

"Baba watoto, unapikia nyumba ngapi?"

Mwanangu akasema gazeti halimjui. Hakuongeza kitu. Mtu akishtakiwa namna ile na asijitetee, hata mama yake anaanza kuhesabu mambo. Nilianza kunusa mashati yake kabla ya kuyafua, nikitafuta marashi ya mwanamke. Yalinuka vitunguu tu.

Mkewe akaacha kusema naye. Akawa anapeleka nguo za watoto kwao kidogokidogo, eti kule maji ya kufulia hayakatiki. Nikaona nyumba inabomoka tofali kwa tofali na mimi nimekaa mlangoni natazama. Asubuhi moja nikajifunga kanga yangu nzuri, nikaenda nyumbani kwa naibu, nikapitia mlango wa nyuma.

Mwanangu alikuwa anamenya viazi. Aliponiona akawa kama mtu aliyefumaniwa. Kabla hajaniuliza, naibu mwenyewe akaingia jikoni na ndara zake, akitafuta chai. Hana sura mbaya. Alinikaribisha, akanivutia kigoda, na alipojua mimi ni nani akaanza kunilalamikia kama tunaofahamiana. Wanawe wanazomewa shuleni. Ndugu asiowajua wanagonga geti wakitaka mgawo. Mkewe anaogopa kumwacha mtoto atembee peke yake, maana sasa kila jambazi anajua baba yake anapata nini. Nilimhurumia kweli. Hofu ya mzazi naijua.

Ndipo nikamuuliza, kwa adabu zote, anamlipa mwanangu kiasi gani, kwa sababu nyumba yake inavunjika.

Akaweka kikombe chini.

"Mama yangu, hayo ni mambo yangu na yeye. Hata mpishi ana haki ya siri yake."

Nikamgeukia mwanangu. Hakuinua macho. Alikuwa anamenya kiazi kilichokwisha kumenywa, anakimenya tena na tena, mpaka kikabaki kama gololi. Hapo nikajua kwamba hakuna mwanamke. Posho ya mpishi ilikuwa haimfikii mpishi.

Alinisindikiza mpaka getini. Akaniambia kwamba hata yeye alijua siku ile kwenye ukuta wa kinyozi. Wakaguzi wa chuo walikuwa wanakuja kuwahoji wafanyakazi wa nyumbani, na naibu alikuwa ameshamwambia jibu la kuwapa. Akijibu vingine, hiyo kazi imekwisha, na hakuna jiko la mkubwa yeyote litakalompokea tena. Nikamwambia basi amwambie mkewe peke yake.

"Mama, nikimwambia asubuhi, mchana kinyozi anajua, jioni naibu anajua. Na nimwambieje? Kwamba nimesoma jinsi ninavyoibiwa, halafu kesho narudi kumkaangia mayai?" Akatazama barabarani. "Afadhali anione malaya kuliko wanangu walale na njaa."

Wakaguzi walikuja. Walikaa sebuleni wakanywa chai aliyowapikia mwanangu, wakamhoji mbele ya naibu mwenyewe. Mwanangu akasema anaipokea posho yote. Na hilo nalo likatoka gazetini, na kinyozi akalibandika kando ya lile la kwanza. Mkwe wangu alilisoma mtoto akiwa mgongoni, akarudi ndani, akatoa begi lililobaki. Hakupiga kelele. Aliniaga vizuri, akasema ananiachia mwanangu, huenda mimi atanieleza.

Nilijaribu kuvumilia, nikashindwa. Mwanangu alikuwa amenikataza, lakini nilikwenda kwa wakwe zangu, nikamweleza mkewe kila kitu mbele ya mama yake, nikamsihi kwa jina la watoto asimwambie mtu. Alisikiliza huku anakunja nguo. Kuna mahali niliona macho yake yanalainika, mikono ikasimama. Kisha ikaendelea.

"Gazeti limesema mara mbili. Yeye mwenyewe amekubali mbele ya wakaguzi. Wewe ni mama yake, ungesema nini kingine?"

Nikamwambia basi akamuulize.

"Nilimuuliza, Mama. Nilimuuliza kwa upole, na unanijua mimi sina upole."

Sikuwa na shahidi. Mwenye kujua mwingine ni naibu, na mfuko wake ulikwisha kufungwa tena. Mama yake mkwe wangu akanipa maji, nikanywa, nikaondoka.

Nilimkuta mwanangu kakaa kitandani na viatu miguuni. Nilikuwa nimepanga kumwambia natoka sokoni, lakini sikuwa na kikapu, na yeye hakuniuliza nimetoka wapi. Aliuliza tu kama mkewe ameamini.

Nikasema hajaamini.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari njema ambayo hana pa kuiweka.

"Basi hatamwambia mtu," akasema.

Akavua viatu, akachukua aproni yake, akaenda kuifua ipate kukauka kabla ya asubuhi.