Kompyuta Iliyopona Gikondo, Ikaugua Nyamirambo

Mume wangu alinunua kompyuta mwaka 1992, kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifungasha vitu vyake arudi kwao. Vita vilikuwa kaskazini mwa nchi, na wageni wengi waliuza walichoshindwa kubeba: friji, vitanda vya watoto, mbwa. Sisi tukapata kompyuta. Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kifaransa na alikuwa akiandika kitabu cha mazoezi kwa wanafunzi wake, kwa taipureta iliyokatika herufi e. Kwa Kifaransa hilo si jambo dogo.

Jioni ya kwanza mashine ilikwenda mbio. Aliandika ukurasa mzima wa vitenzi, akatuita tuone. Mama yake, tuliyeishi naye pale mtaani Nyamirambo, aliutazama kwa adabu, kisha akauliza kitu hicho kinakula umeme kiasi gani. Alikuwa mjane wa fundi cherehani. Maisha yake yote alipita nyuma ya watu akizima walichokiwasha.

Kesho yake mashine ikawa nzito. Mume wangu alibonyeza herufi, herufi ikafikiria kwanza, ndipo ikaja. Akifungua sura moja ya kitabu, mimi nilipata nafasi ya kumenya viazi. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba kosa ni lake mpaka ithibitike vinginevyo. Alidhani ameijaza mno, akafuta vitu asivyovihitaji, na katika kufuta akafuta sura ya nne. Akahamisha meza mbali na dirisha kwa sababu ya vumbi. Mama akashauri mafuta.

"Cherehani ya baba yako ikiwa nzito, tulikuwa tunatia mafuta."

"Mama, hii haina pa kutia mafuta."

"Basi walioitengeneza hawakufikiri."

Mwishowe tukaamua kuipeleka mtaa wa Gikondo, kwa fundi wa redio na mashine za fotokopi ambaye watu walisema ameanza kuelewa na hizi. Tuliifunga kwa shuka, tukapanda teksi. Njiani palikuwa na kizuizi, na askari akataka shuka lifunguliwe.

"Hii iko nini?"

"Ordinateri," mume wangu akasema.

"Inafanya nini?"

"Inaandika. Lakini polepole."

Askari akaitazama, akatutazama na sisi, akaturuhusu tupite. Nadhani alituonea huruma.

Fundi wa Gikondo aliiweka juu ya meza yake, akaiwasha, akagusa kitu pale mbele kama mtu anayerudisha mlango uliobaki wazi, akafungua kifuniko, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, kisha akaingiza disketi yake na kusubiri.

"Ilikuwa iko na virusi," akatangaza. "Nimetoa yote."

Na kweli, ilikuwa imepona. Kurasa ziliruka. Mume wangu alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili.

Nyumbani, Mama aliposikia neno virusi alisogea nyuma.

"Inaambukiza?"

"Inaambukiza mashine nyingine tu, Mama."

"Nyingine hatuna."

"Hatuna."

"Basi haina neno," akasema, akakaa.

Mashine ilikuwa nzima mpaka mume wangu alipokwenda msikitini kuswali alasiri. Aliporudi ilikuwa imechoka tena. Tukairudisha Gikondo, ikapona. Tukaileta Nyamirambo, ikaugua. Safari ya tatu fundi alituambia, kwa upole mkubwa, kwamba labda ni nyumba yetu.

Mume wangu alilichukua jambo hilo kwa uzito. Alijaribu umeme wa chumbani, akajaribu wa sebuleni. Akaazima kifaa cha kutuliza umeme kwa jirani mwenye friji, na nyama ya jirani ikaharibika. Mama akaizungushia mashine ubani. Mume wangu, mwalimu, akasogeza tu karatasi zake zisiungue. Hapo nikajua amefika mbali.

Siku moja alasiri, tulipokuwa tumeirudisha tena kutoka Gikondo, nilikuwa sebuleni nikipiga pasi. Yeye alikuwa ametoka kwenda kuswali na kuiacha mashine ikiwaka, kwa kuwa kuiwasha upya ilikuwa safari. Mama akaingia kutoka uani. Akazima balbu ya baraza. Akazima redio ambayo hakuna aliyeisikiliza. Kisha akaiinamia kompyuta, akabonyeza kitufe kidogo pale mbele, na kitaa cha njano kikazimika.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazima taa. Kila mkitoka Gikondo mwanangu anaiacha inawaka mchana kweupe. Wewe huoni?"

Nilikuwa nimeiona taa hiyo, na sikuwahi kuifikiria. Kando ya kitufe paliandikwa *turbo*. Sote tulilijua neno hilo, kwa sababu liliandikwa pia nyuma ya malori. Tulidhani ni pambo.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. Alibonyeza, kurasa zikaruka. Akabonyeza tena, zikakokota miguu. Alirudia hivyo muda mrefu.

"Mwambie," akasema mwishowe.

"Ni mama yako."

"Wewe na yeye mnaelewana."

"Tunaelewana kwa sababu simwambii mambo kama haya."

Hakumwambia, wala mimi sikumwambia. Mtu aliyelea watoto sita kwa sindano humwambii kwamba amekuwa akiroga kompyuta. Mume wangu alifungua kifuniko, akafuata waya mwembamba uliokwenda kwenye kile kitaa, akauchomoa. Mashine ikabaki na mbio zake, gizani. Kesho yake Mama alipita, akainama, akatazama, akaridhika.

"Sasa amejifunza," akaniambia.

Kitabu kiliendelea, sura ya nne ikaandikwa upya. Mama naye akaanza kuikubali mashine, mpaka siku moja akavuta kiti na kutaka barua kwa dada yake wa Bukoba. Alizoea kuandikiwa kwa kalamu, na mwenye kalamu humpa msemaji nafasi. Sasa alimaliza neno, na neno lilikuwa limekwishafika kwenye kioo, linamsubiri.

"Usinikimbize," akamwambia mwanawe. "Bado nafikiria."

"Sikukimbizi, Mama. Chukua muda wako."

Alisalimia kila mtu, watoto wa dada na wajukuu wa dada. Kisha akageuza macho dirishani.

"Mwambie sote ni wazima. Mwambie nilitaka aje tufunge naye Ramadhani, lakini asije kwanza. Barabara si nzuri."

Mume wangu akaandika hivyo hivyo. Dada wa Mama hakuja. Mama alifariki mwaka uliofuata, kabla ya mauaji ya 1994, kwa maradhi ya kawaida, kitandani mwake, na msikiti mzima ulikuja kumzika.