Akiru Hakuiachia Kamba

Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, na kiuno changu ndicho shahidi. Haya yalinipata Kakuma, jua kali, watu wakiona. Si ndoto wala si malaria.

Reli haijafika kwetu Lodwar, lakini klabu yetu ya wafanyakazi wa barabara ilianzishwa na mstaafu wa reli, Mzee Wafula. Ndiye aliyetuletea drafti, voliboli, mchango wa wagonjwa na wafiwa, na kamba nene ya kuvutana. Alituletea na desturi ya klabu yao ya zamani: mwanachama akifa, mechi ya kwanza baada yake nafasi yake haijazwi. Mnacheza na pengo.

Akiru alikuwa mtu wa mwisho kwenye timu yetu ya wanawake, yule anayejifunga kamba kiunoni akawa kigingi cha timu. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ingawa kuzika sikumzika. Laga ya Kakuma, ule mto mkavu unaojaa ghafla, ilimchukua akivuka, na mwili haukuonekana. Mechi iliyofuata ikaangukia hukohuko, kando ya laga ileile. Zawadi ilikuwa mbuzi. Wenzangu wakasema pengo litatukosesha mbuzi. Mzee alibisha mpaka sauti ikamkauka, lakini wengi wape. Nikafungwa kamba mimi, ncha yake ikaachwa inaning'inia nyuma.

Filimbi ikalia. Wanawake wa Kakuma wana nguvu, wacha nikwambie. Tulikuwa tunaburutwa mbele, viganja vinawaka, mara nikasikia kamba inavutwa nyuma yangu. Nyuma yangu nani? Mimi si ndiye wa mwisho? Halafu sauti, karibu na sikio:

"Kaza, dada. Usiniachie."

Niliijua. Niliogopa hadi mkojo ukanitoka, sioni haya kusema. Timu ikarudi nyuma hatua kwa hatua, tukashinda, wote wakaachia kamba wakikumbatiana. Mimi nikaendelea kwenda. Kinyumenyume, visigino vikichimba mchanga, kuelekea laga. Wenzangu walidhani nacheza kwa furaha. Nilipapasa fundo kiunoni, halikufunguka.

Mzee Wafula alikuwa amekaa kwa mama mmoja Msomali muuza chai. Yeye peke yake alielewa. Alinyakua kisu cha yule mama, akaja mbio, akaniambia nisigeuke, akaikata kamba nyuma yangu. Kisha akasema polepole, wala hakuwa akisema na mimi:

"Akiru, nafasi ni yako. Huyu mwache."

Kipande kilichokatwa kiliteleza chenyewe mpaka ndani ya laga. Mbuzi tulimwacha hukohuko. Nani angemla?

Alama ya kamba ninayo kiunoni hadi leo, na laga sivuki peke yangu. Klabuni bado tunavuta, ila nyuma hatumfungi mtu. Ncha ya kamba tunaiacha chini. Tukianza kuvuta, inainuka, inakazika. Hakuna anayegeuka kuangalia.

Basi nawe, ukipewa nafasi ya mtu aliyekwenda, usiikalie tu. Uliza kwanza kama ameiacha.