Maandishi Ndani ya Kioo

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Nyakanazi, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kumrudishia mtu chombo chake kikiwa na doa. Zamani nilijisifia ugonjwa huo. Kisha ukanifanya nimfutie mama mmoja wa Kibimba maneno ya mwisho ya mwanawe.

Alishuka basi amepakata monita ya kompyuta, ile ya zamani yenye kichogo, iliyofungwa kwa kitenge. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaeleza kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, maana kwao ni Kihangaza, kwamba imezimika na anataka iwake tu. Ilikuwa ya mwanawe, aliyekuwa na kibanda cha kuchapa barua. Kijana aligongwa na lori akienda kununua karatasi. Nikampa pole, nikamwambia arudi wiki ijayo. Sikuuliza mtu asiye hata na kompyuta anaitakia nini.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo, lehemu imeachia. Nilipoichomea upya kioo kikawaka cheupe, na katika ule weupe yakaonekana maandishi ya kijivu: Nakuja sasa hivi, nisubiri. Kijana alikuwa akiwaachia wateja maneno hayo kwenye skrini kila alipotoka, miaka nenda miaka rudi, mpaka yakaungulia kwenye kioo. Nilielewa vizuri yametoka wapi. Lakini niliyasoma kifundi, nikaona kioo kilichochakaa.

Ningefunga mfuniko tu, yakaisha. Kiherehere hakina dawa. Nilikuwa na monita nyingine ya aina ile ile, bodi imekufa ila kioo kizima, nikakihamisha. Kile cha zamani nikakivunja shingo, ule mrija mwembamba wa nyuma, kama tunavyofundishwa, hewa iingie kisije kikamlipukia mtu jalalani. Kilivuta pumzi fupi. Nikapangusa mikono, nimeridhika.

Mama aliporudi nilimwashia kwa mbwembwe. Akaketi kwenye benchi, akasogeza uso, akapitisha kiganja polepole juu ya ule weupe. Nilidhani anashangaa kazi yangu. Akauliza maandishi yako wapi. Nikamjibu, bado natabasamu, kwamba nimeyaondoa kabisa.

"Yarudishe," akasema.

Nilikimbia jalalani nikarudi na kile kioo, nikakifuta kwa shati langu. Hewa ilikuwa imepeperusha unga wa ndani ulioshika yale maandishi, na hata usingepeperuka, kioo kilichovunjwa shingo hakiwaki tena. Nilimweleza hivyo huku machozi yananitoka mbele ya wateja, mtu mzima na ndevu zangu. Niliona haya, na nilijichukia. Yeye hakulia. Alikunja kitenge chake vizuri, akasimama, monita akaiacha pale pale mezani. Nikamsihi aichukue, akatikisa kichwa.

"Kila jioni nikiiwasha, alikuwa ananiambia anakuja," akasema. "Na mimi namjibu, haya baba, nakusubiri. Leo nikifika nyumbani nitamjibu nani?"