Swali Langu Waliloliita Uchokozi

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usilainishe.

Nimeuza mboga katika soko la Kangemi tangu kabla mama yako hajazaliwa. Walipotujengea vibanda vipya, nafasi ziligawiwa katika kundi la wauzaji kwenye simu. Mimi sikusoma, kwa hiyo nilituma sauti: “Mimi ni mama wa meza ya karibu na lango la chini. Nafasi yangu iko wapi?” Sikusikia jibu. Nikatuma tena kesho yake, na siku ya tatu, na ya nne. Kwetu magharibi mwa nchi, asiyeitikiwa mlangoni hubisha hodi tena. Hakuna anayemwona mkorofi.

Siku ya tano asubuhi kijana anayesimamia kundi alinitoa. Nikakuamuru unisomee yote yaliyoandikwa. Ukainamisha kichwa. Kumbe walikuwa wakinijibu kwa maandishi kila siku, nawe unayenisomea simu ukanificha.

“Shosho,” ukaniita, mimi bibi yako, “ni upuzi tu.”

“Soma!”

Ukasoma. “Shosho amerudi na redio yake.” “Niaje shosho, leo ni mahubiri ama salamu za wasikilizaji?” “Mpeni nafasi kaburini, huko hakuna kusukumana.” Chini yake, vicheko. Kisha msimamizi: “Huyu ni mchokozi, anatuharibia kundi. Namtoa.”

Mimi, mchokozi! Mchokozi ni yule anayeuliza huku hana haja ya jibu, anayerusha neno kisha akae atazame nani ataumia. Mimi nilitaka jibu moja tu, nikanyamaze. Yule wa kaburi hakutolewa. Mpaka leo yumo. Nawe nilikukemea vikali, kwa sababu huruma yako iliniacha nibishe mlango ambao watu walikuwa nyuma yake wakinicheka.

Tulikwenda sokoni asubuhi ileile. Msimamizi alikuwa akipanga viatu vya mitumba. Nilimuuliza swali lilelile, kwa sauti ileile.

“Shosho, si ungekuja tu tuongee?”

“Nimeongea siku nne. Ulisikia?”

Akatazama viatu. “Nilisikia.”

“Basi jibu.”

Alifungua orodha. Jina langu halikuwamo, na nafasi zote za lango la chini zilikuwa na wenyewe. Iliyobaki ilikuwa moja, nyuma kabisa, kando ya choo. Nilimwambia aandike jina langu pale, nawe ukasimama begani kwake ukalisoma kwa sauti.

Ndipo ninapouzia sasa. Harufu ni mbaya, na wateja ni wachache. Yule msimamizi hajaniomba radhi.