Bastola ilidondoka mbele ya mwanangu katikati ya swala ya Ijumaa, hapa Durban

Wakuu, salaam kwenu mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Hili limenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini ruksa.

Mimi ni Mtanzania, fundi simu, naishi Albert Park. Ijumaa ile wife alikuwa kazini, nikaenda msikitini na binti yetu Nasra, ana miaka mitano. Tukapata nafasi safu ya pili, nikamsimamisha kushoto kwangu.

Mbele yetu alisimama jamaa mmoja mnene, shati kaliachia nje ya suruali.

Rakaa ya kwanza, tumeinama rukuu, shati lake likapanda. Nikaona kitako cha bastola kimechomoza kiunoni, kwa nyuma.

Aisee, bastola msikitini!

Kwa wasiozijua: hizi bastola compact zimetengenezwa ili mtu abebe bila kujulikana. Fupi, nyembamba, kiganja kinaifunika. Akisimama huoni kitu, akikaa kwenye gari huoni kitu. Sidhani aliyeibuni aliwahi kumfikiria mtu anayerukuu.

Aliponyooka, shati likashuka, akawa muumini kama sisi wengine.

Nikawaza mawili. Huenda anajilinda tu, maana wenye maduka huku wanaporwa kila leo. Au kaja kutumaliza. Nikipiga kelele, msikiti umejaa, watu watakanyagana na mwanangu yuko chini ya miguu yao. Nikinyamaza, je, akigeuka?

Kibaya zaidi ilikuwa sijda. Paji la uso liko kwenye zulia, huoni chochote. Kila nikiinuka namtazama yeye kwanza. Imamu alisoma sura gani, mniulize kingine.

Rakaa ya pili, sijda ya kwanza. Jamaa anainuka kukaa, ile kitu ikamteleza mgongoni, ikadondoka kwenye zulia nyuma ya visigino vyake. Mdomo wa bastola ukawa unamtazama Nasra.

Nasra akanyoosha mkono.

Nilishuka chini kabla imamu hajatoa takbira. Nikavua kofia, nikaifunika bastola, kiganja juu, bega langu nikaliweka kati yake na mtoto. Wajuzi wa fiqhi mtanihukumu baadaye.

Watu wakasujudu, wakainuka kukaa tahiyatu. Mimi nikabaki chini. Mzee wa kulia kwangu bila shaka alidhani nimezidiwa na unyenyekevu.

Ndipo mkono ukaja kinyumenyume. Vidole vinene, vinapapasa zulia, vinaitafuta. Vikagusa kofia yangu.

Nikaukamata, nikaubana kwa nguvu zangu zote mpaka salamu ya pili. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Hapo ndipo nilijua hakuja kuua mtu.

Akageuka, jasho linamtiririka. Mkongomani wa Uvira, ana duka mtaa wa Point, watu wanamwita Papa Idi.

"Pardon, ndugu yangu," akanong'ona. "Iko na risasi ndani."

"Mwanangu alikuwa anaishika," nikamwambia. "Unaelewa? Alikuwa anaishika!"

Mtu mzima na ndevu zake, akalia.

"Walinivamia ku magasin, ku duka yangu, mara mbili. Niko na leseni, haki ya Mungu. Nilisahau kama niko nayo."

Kumbe tangu dukani alikuwa kaichomeka kiunoni hivyohivyo, bila ala yake, eti ala ilikuwa inambana akikaa dukani. Nilitaka kumpiga. Nilimbeba Nasra, nikatoka kichwa wazi, kofia nikaiacha palepale juu ya bastola yake.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba silaha ya kufichwa inafichika hata kwa mwenyewe. Anaizoea mpaka anaisahau kama leso mfukoni. Kama unabeba, jiulize utainama wapi, na nani atakuwa nyuma yako.

Siku hizi Papa Idi akinikuta msikitini, kabla ya takbira ananigeukia, anapandisha shati, ananionyesha kiuno kitupu. Namwitikia kwa kichwa. Nilishamsamehe, na kofia alinirudishia, kaifua na kuipiga pasi.

Ila swala yangu haijarudi. Tukirukuu, macho yanatakiwa yatulie chini, pale ninaposujudia. Yangu yanapanda yenyewe, yanakwenda kiunoni kwa mtu wa mbele.

Nyie mngekata swala mkapiga kelele? Niambieni ukweli, msinionee haya.