Mbwa Aliyetangulia Kwenye Sentensi

Mimi huandika polepole. Shuleni wenzangu walikuwa wanafunga madaftari mimi nikiwa bado kwenye tarehe. Niliishia darasa la nane, nikarudi shambani kwetu Kalamba, nikadhani mambo ya sarufi yameachana na mimi. Kumbe bado. Dada yangu mkubwa alienda Ujerumani kutunza wazee, akaolewa huko, akapata binti, na binti huyo akawa anaongea Kijerumani tu.

"Jifunze kidogo," dada aliniambia kwa simu. "Tukija, awe na mtu wa kuongea naye."

Nilijifunza mwaka mzima, kwa simu na daftari. Maneno yenyewe yalikubali kuingia kichwani. Kilichonichosha ni mahali pa kuyaweka. Kijerumani hakina adabu ya foleni. Leo anayetenda ndiye wa kwanza, kesho inatangulia siku ya wiki, keshokutwa anatangulia yule anayetendwa, na kila mara unaambiwa ni sawa. Nilikuwa nikifunga daftari kwa hasira, halafu nalifungua tena kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Agosti walikuja. Mtoto alikuwa na miaka minne, na neno la Kikamba alilolijua lilikuwa moja, Susu, la kumwita nyanya yake. Siku ya tatu dada alienda Nairobi kushughulikia karatasi zake, akatuachia mtoto.

Kabla ya saa sita tulisikia mbwa wetu akibweka sana upande wa chini wa shamba. Tulipofika, mbuzi wa Mama alikuwa amelala ndani ya mtaro wa tuta, mguu wa mbele umevunjika. Gotini palikuwa na damu, na huwezi kujua kama ni meno au ni mawe. Mbwa alikuwa amesimama juu yake. Mtoto alikuwa ukingoni, anatazama tu.

Jirani yetu alikuwa amefika mbio kama sisi. "Huyu mbwa ameanza kuuma mbuzi," alimwambia Baba. "Kesho atakuwa kwenye zizi langu. Nipatie kamba nikamalizane naye huko korongoni."

Baba alimpenda yule mbwa, lakini mbwa anayeuma mbuzi haachwi kwetu, na hakubisha. Mama ndiye aliyesema, "Si mtoto alikuwa hapa? Aulizwe."

Wote wakanigeukia.

"Wewe mwenye Kijerumani," Baba akasema. "Uliza."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nikatafuta swali fupi kuliko yote. "Und der Hund?" Yaani, na mbwa je?

Mtoto akajibu haraka, "Den Hund hat die Ziege gestoßen!"

Hund ni mbwa. Ziege ni mbuzi. Gestoßen ni kusukuma. Nikayashusha jinsi yalivyokuja, kama mtu anayeshusha magunia.

"Mbwa amemsukuma mbuzi," nikasema.

"Basi," jirani akasema, akamvisha mbwa kamba shingoni.

Mtoto alipoiona kamba alianza kulia, akirudia sentensi ileile, neno kwa neno, huku akinivuta shati. Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia. Nikatoa daftari mfukoni, nikaiandika.

"Sasa anaandika barua?" jirani akauliza.

Sikuweza kuharakisha. Niliandika Den, nikasimama hapo. Hakusema der, alisema den. Nilikuwa na ukurasa mzima wa jambo hilo: der Hund ni mbwa anayetenda, den Hund ni mbwa anayetendwa. Herufi moja. Mbwa alikuwa ametangulia kwenye sentensi bila kufanya lolote.

"Ngojeni," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Ngojeni! Nimekosea. Mbuzi ndiye aliyemsukuma mbwa."

"Si umesema mbwa?" Baba akauliza.

"Mbwa ametajwa kwanza tu, Baba. Amesema den, kwa n, si der."

"Atajwe kwanza kwa nini kama hakufanya kitu?"

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mwaka mzima.

"Kwani hao watu hawana 'alisukumwa'?" Mama akauliza.

"Wanayo, Mama."

"Na mbona asiitumie?"

Jirani akacheka. "Yaani mbwa apone kwa sababu ya n? Kijana, toka njiani."

Hata sisi tunaweza kusema "mbwa, mbuzi amemsukuma", lakini tunatua kidogo katikati, mtu anaelewa. Mtoto hakutua popote. Nilibaki na njia moja, na sikuitaka. Nikapiga magoti mbele yao, nikaweka mikono chini kwenye vumbi.

"Ich bin der Hund," nikamwambia mtoto. Mimi ni mbwa. "Und du?"

Akaacha kulia. Akapangusa kamasi kwa mkono. "Die Ziege," akasema. Akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa, akanijia mbavuni kwa nguvu zake zote. Kisha akanipita, akajiangusha ukingoni mwa mtaro, akashika mkono wake mmoja na kulia kama mbuzi.

Mama ndiye aliyeanza kusema. "Huyo mbuzi namjua. Hata mimi hunipiga kichwa nikimpelekea maji."

Baba alikwenda kuifungua kamba mwenyewe. Jirani alinikodolea macho pale chini, akasema ameona mawakili wengi lakini wakili wa mbwa hajawahi, akaenda zake. Mama aliufunga mguu wa mbuzi kwa vijiti na vipande vya leso kuukuu.

Dada aliporudi jioni nilimweleza yote, nikitaka aseme tu kwamba sentensi ile haikuwa ya haki.

"Ulimwuliza nini?" akasema.

"Na mbwa je."

"Sasa? Umeuliza habari za mbwa, akakupa habari za mbwa. Ulitaka aanze na nani?"

"Dada, karibu anyongwe!"

"Si ungesikiliza hiyo den?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mbavu zilikuwa bado zinaniuma, na nilijua vizuri kwamba mtoto asingelia, ningekuwa nimemwua mbwa wetu kwa kutafsiri.