Tela la Mama Shanta

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilianza vizuri. Tulikuwa tumeipita Kongwa, jua halijawa kali, na lori lilikuwa linavuta bila kulalamika. Nilikuwa kijana bado, dereva na fundi kwa pamoja. Mzee Mohanlal, tajiri yangu, alikuwa ameketi pembeni yangu ananisimulia vituko vya utoto wake. Nyuma yetu, ndani ya tela lililojengwa kama nyumba, alikuwa amelala mkewe, Mama Shanta. Tulikuwa tunampeleka Gulwe, alikozaliwa.

Nakuita mwanangu, usishangae. Wanangu wa kuwazaa wako mbali, na wewe umekubali kukaa unisikilize. Kwangu hiyo inatosha.

Mzee Mohanlal alikuwa Mhindi wa hapa hapa Dodoma, mwenye duka la vitambaa mjini. Mimi nilitoka kwetu Kondoa nikiwa sijui hata kubadilisha gurudumu, nikajifunza magari kwenye gereji moja, kisha yeye akaniajiri niendeshe lori lake la mizigo. Alikuwa mtu mpole, na mkewe alikuwa mpole kumzidi. Kila asubuhi nikifika kuchukua funguo nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye aliitikia na kuniuliza habari za mke wangu kwa jina, Zainabu, ingawa hawakuwahi kukutana zaidi ya mara moja.

Halafu mgongo wa Mama Shanta ukaharibika. Ulikuwa ni ugonjwa wa mifupa, daktari alisema hautapona, ila asitikiswe. Sasa wewe unajua barabara zetu za wakati ule. Hata kumpeleka hospitali kwa gari dogo, alifika amejiuma midomo. Akawa mtu wa kitandani, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Alichokuwa anakitamani ni kimoja, kuiona tena Gulwe, mahali baba yake alipokuwa na duka karibu na stesheni. Treni ilikuwepo, lakini ngazi za behewa zile ndefu, na saa nyingi za kukaa kwenye benchi, hangeziweza.

Mzee Mohanlal alikuwa mtu wa kutafuta suluhisho. Akapata habari za wageni fulani waliokuwa wanaondoka nchini na kuuza tela lao la kulala. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, jiko na madirisha yenye mapazia. Halikuwa tela la kufungwa kwa ndoano nyuma ya gari. Pua yake ilikuwa imeinuka na kukalia mgongo wa lori, juu ya bamba la chuma la duara tunaloliita sahani. Pini ya tela inaingia kwenye sahani, inajifunga, na hapo lori na tela vinakuwa kama mwili mmoja wenye kiuno.

Shida ilikuwa chini. Lilikuwa na springi za mabamba ya chuma, ngumu mno kwa uzito wake, kwa hiyo kwenye makorongo lilikuwa linaruka kama mbuzi. Mzee akaagiza springi za upepo kutoka Dar es Salaam. Siku hizi unaziona kwenye matela mengi yanayopita barabara kuu, lakini wakati ule hapa kwetu ilikuwa ajabu. Mimi na fundi mmoja mzee tulitoa mabamba yote, tukaweka mipira minene juu ya ekseli, kila gurudumu na mpira wake, kisha tukavuta njia za upepo kutoka kwenye tangi la lori. Palikuwa na valvu ndogo yenye mkono, kazi yake kupima kimo. Tela likilemewa, inaingiza upepo. Likiwa jepesi, inautoa. Tela linabaki limelala sawasawa, na shimo likija, mpira unalimeza kabla halijafika ndani.

Tulipomaliza, Mzee Mohanlal alimimina chai kwenye kikombe mpaka ukingoni, akakiweka mezani ndani ya tela, akaniambia nizunguke mitaa yenye mashimo. Tuliporudi alifungua mlango mwenyewe. Meza ilikuwa kavu. Alinishika bega, na niliona machozi. Madaktari wote walikuwa wameshindwa, lakini yeye barabara alikuwa ameiweza.

Safari ya kwanza tulikwenda Bahi, kwa sababu mvua zilikuwa nyingi mwaka ule na maji yalikuwa yametanda mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Mama alilala nyuma, sisi tukakaa mbele. Mzee hakuweza kukaa kwenye tela likiwa linatembea; kichwa kilimzunguka. Tulipofika alikimbia kufungua mlango, akamwuliza mkewe kama ametikiswa. Mama akasema hapana, hata kidogo. Mzee alifurahi siku nzima. Mama alitazama maji, akala kidogo, akaomba turudi. Mimi niliona amenyamaza kuliko kawaida, nikadhani ni uchovu wa ugonjwa.

Baada ya hapo tulitoka naye mara kadhaa, na kila mara maneno yake yalizidi kupungua. Mzee akadhani anahitaji safari kubwa zaidi. Ndipo tukaenda Gulwe.

Ilitokea baada ya kuipita Mpwapwa, kwenye barabara ya kokoto. Mzee alikuwa amefikia mahali pa kuchekesha katika kisa chake, na mimi nacheka. Nikatazama kioo cha pembeni nikaona tela limelala upande wa kushoto. Nikakanyaga breki taratibu, nikashuka, nikasikia upepo unavuja kwa sauti nyembamba. Jiwe lilikuwa limerushwa na gurudumu likachana mpira unaopeleka upepo kwenye springi. Upande mzima ulikuwa umekaa chuma kwa chuma. Sikuweza kujua tumetembea hivyo kwa muda gani.

Mzee alikuwa ameshafungua mlango. Mama Shanta alikuwa chini sakafuni, kati ya kitanda na meza, ameukumbatia mguu wa meza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kikombe cha bati kilichobonyea.

Mumewe alimwuliza kwa Kigujarati. Yeye akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Mgongo umeuma, ndiyo. Lakini mgongo nimeuzoea. Nimegonga ukuta mpaka mkono ukachoka, na ninyi nawasikia mnacheka. Hilo sijalizoea."

Simu za mkononi wakati huo hazikuwepo kwetu. Mzee alianza kusema haraka haraka kwamba ataweka kengele, kwamba Ramadhani atavuta waya kutoka kitandani mpaka mbele, jambo la siku moja tu. Ramadhani ndiye mimi. Mama alimwacha amalize.

"Sitaki kengele," alisema. "Nataka kukaa mnapokaa."

Tulimtoa kwa godoro, tukamweka kwenye kivuli cha tela. Mimi nikaingia chini kutengeneza. Nilikata sehemu iliyochanika, nikaunganisha kwa kipande cha bomba la shaba na vibano, nikaufunga mpira mbali na magurudumu. Nikiwa kule chini nilisikia sauti za wanawake. Walikuwa wanatoka kwenye tembe lililokuwa jirani, wamebeba kigoda na kibuyu cha maziwa. Mmoja alisalimia kwa Kiswahili cha kubabaisha. Mama Shanta akamjibu kwa salamu ya Wagogo, "Mbukwenyi," kisha akaendelea na Kigogo, maneno yanatoka mfululizo kama maji, na wale wanawake wakapiga makofi kwa furaha wakakaa chini kumzunguka.

Nilitoa kichwa kutazama. Mzee Mohanlal alikuwa amesimama na mto mkononi, ameduwaa. Yeye na mkewe walikuwa wamezeeka pamoja, wamelea watoto na kuwaoza, na hakujua kama mkewe anajua Kigogo. Mama alikuwa amejifunza kwa watoto wenzake mbele ya duka la baba yake. Alipoolewa mjini hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Alicheka pale barabarani kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Niliwasha injini, tangi likajaa, na tela likainuka polepole likakaa sawa. Lilikuwa tayari. Lakini Mama hakurudi ndani yake. Tulimpandisha mbele, kati yetu, juu ya mito, mumewe amezungusha mkono nyuma ya mgongo wake. Niliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kila shimo nilimsikia anavuta pumzi, na kila baada ya shimo alionyesha kitu: mlima fulani, bonde fulani, mahali walipokuwa wanachimba mchanga. Mzee alikuwa anauliza, naye anajibu. Nyuma yetu tela tupu lilikuwa linaelea juu ya springi zake za upepo, halina mtu wa kumbembeleza.

Gulwe hatukukuta aliyemkumbuka. Duka la baba yake lilikuwa ghala la mahindi, bati limeshika kutu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango muda mrefu, akataja majina ya ndugu zake wote waliolala nyumba ile, waliokufa na waliohamia nchi za watu. Mzee aliyarudia majina yale taratibu nyuma yake, kama mtu anayejifunza. Treni ya mizigo ikapita, tukaitazama wote watatu mpaka behewa la mwisho.

Mama Shanta alifariki kabla ya mvua zilizofuata.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, Mzee Mohanlal alikuja uani nilipokuwa naosha lori. Akaniomba nifunge tela. Nilipouliza tunakwenda wapi, akasema Bahi. Halafu akapanda nyuma, yeye ambaye kichwa kilikuwa kinamzunguka, akajifungia mlango. Niliendesha njia nzima nikiwa peke yangu mbele. Mwanangu, sijawahi kuiona barabara ile ndefu kama siku ile.

Tulipofika nilisubiri ashuke, hakushuka. Nikafungua. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, pazia limefungwa.

"Halitikisiki hata kidogo," aliniambia. "Na humu huna wa kuzungumza naye. Siku ile ya kuja hapa alikaa hivi njia nzima. Nikamwuliza kama ametikiswa." Alipapasa godoro kwa kiganja. "Sikumwuliza kitu kingine."

Akaniambia nikae, nikakaa sakafuni. Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Ramadhani, wewe una mke kule kijijini Mkonze. Unamtumia kila kitu, najua, maana mizigo unaipakia kwenye lori langu. Ukifika leo usimpelekee kitu. Nenda mikono mitupu, ukae."

Nilikwenda. Zainabu aliponiona nimeingia mchana, sina mfuko wala kifurushi, aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikasema hapana, nimekuja kukaa. Hakuniamini. Alikuwa anachambua mlenda, nikavuta kigoda nikachambua naye, vibaya, akawa anatoa vijiti nilivyoviacha. Ilichukua muda kabla hatujapata la kuongea. Lakini tulilipata, na hatukulipoteza tena mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa mimi ndiye niliyebaki. Wanangu ni watu wema, usinielewe vibaya. Wamenijengea hii nyumba, wameniwekea tangi la maji, kiti cha kuegemea, runinga, na binti wa kunipikia. Wanapiga simu Ijumaa kuniuliza nimepungukiwa na nini. Nasema sijapungukiwa, na kweli vitu vyote vipo. Simu ikikatika nyumba inakuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji. Siwalaumu. Nao wanahangaika kama alivyohangaika Mzee Mohanlal, kwa upendo mtupu, na upendo wenyewe haukuwa wa uongo.

Nilichokuwa nataka kukuachia ni hiki. Umpendaye akiwa na maumivu, mtafutie nafuu, usifanye uvivu. Kama ni godoro, nunua godoro. Kama ni springi za upepo, agiza, na funga mipira yake vizuri mbali na mawe. Lakini usidhani ukishamweka mahali laini umemaliza. Mtu anaweza kukosa maumivu na akawa amekosa watu pia, na hili la pili hatalisema, kwa sababu anaona jinsi ulivyojitahidi na hataki kukuvunja moyo. Basi usisubiri aseme. Kaa naye. Mwulize habari za kwao, mwulize lugha aliyochezea utotoni, na akianza kujibu usitazame saa. Hata kama kukaa karibu nawe kutamwumiza kidogo, mwachie yeye achague.

Nenda sasa, mama yako asikungoje. Mungu akupe riziki ya halali na mikono ya kuitumia kwa wako. Akuepushe na nyumba yenye kila kitu isiyo na sauti. Na utakapokuwa mzee kama mimi, akujalie mtu wa kuvuta kigoda akae karibu yako, hata kama hana alichokuletea.